UZI: Mali na Amali. Jinsi tamthilia za kale za kishairi za Uingereza zinavyouonyesha ubatili wa utajiri

#1 KashaLaMvule

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaosoma, wanaofundisha au wanaotaka kupandisha jukwaani tamthilia za Kiingereza za zamani zilizotungwa kwa mashairi. Ninachotaka tukichambue ni kimoja: namna zinavyoishughulikia mali.

Tuanze na Everyman. Mtunzi wake hajulikani. Chapa zake za kale zilizobaki ni za mwanzoni mwa karne ya 16, na wataalamu wengi wanakubali kwamba ilitokana na tamthilia ya Kiholanzi iitwayo Elckerlijc, iliyochapwa Delft mnamo 1495. Ina mistari 921, yaani unaisoma yote kwa kikao kimoja. Mungu anamtuma Mauti kwa mtu anayewakilisha watu wote (humu nitamwita Mja), akamwambie ajiandae kwa safari na aje na daftari lake la hesabu. Mja anatafuta wa kumsindikiza. Anamwendea Rafiki, anakataa. Anawaendea Ndugu na Binamu, wanakataa. Binamu anasingizia kidole cha mguu kimemkaza msuli. Halafu anamkumbuka Mali, ambaye amempenda maisha yake yote.

Onyesho la Mali lina takriban mistari 70, kuanzia mstari wa 393. Wengi hulisoma kama mahubiri dhidi ya pesa, na hapo ndipo wanapolikosa. Angalieni kwanza mwili wa Mali. Akiitwa, anajibu kwamba amelala pembeni, amefungwa na kurundikwa juu kwa juu, amefungiwa makashani, amejazwa magunia, hawezi kujinyanyua. Hajasema bado kama atakwenda au hatakwenda. Hali yake imeshajibu.

Sasa tazameni mpangilio. Rafiki na Ndugu wanakataa kwa kuondoka. Mali ndiye wa kwanza kukataa huku yupo palepale, machoni pa mwenyewe, hajapungua hata senti. Watazamaji wanakiona kitu chote alichokichuma Mja kimelala mbele yake na hakimfai. Hilo halihitaji mhubiri.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wenye Kiswahili. Kwa Kiingereza Mali anaitwa Goods, na yule atakayemfuata Mja hadi kaburini anaitwa Good Deeds. Majina hayo yanagongana kwa makusudi. Kwenye Kiholanzi hakuna mgongano huo, maana kule ni Tgoet na Duecht. Wanaotafsiri kwa Kiswahili wakiandika "Mali" na "Matendo Mema" wanaupoteza mgongano huo, ilhali lugha yetu imetuwekea tayari: Mali na Amali. Herufi moja tu. Naomba tuujadili uzi huu tukiwa na majina hayo mawili mkononi.

---

#2 pazia_jekundu

Mkuu umegusa penyewe. Naongeza upande wa jukwaa, kwa sababu onyesho hili huharibiwa na waongozaji kuliko lingine lolote katika tamthilia hiyo.

Kosa kubwa ni kumfanya Mali acheze. Anavishwa nguo za kumeremeta, anaruka kutoka kwenye kasha, anamzunguka Mja akicheka. Chanzo cha mtindo huo kinajulikana. Hugo von Hofmannsthal aliiandika upya hadithi hii kwa Kijerumani, Jedermann, ikaonyeshwa Berlin mwaka 1911, na tangu 1920 inachezwa Salzburg mbele ya kanisa kuu. Humo Mammon, yaani Mali wa tamthilia ile, hutokea ndani ya kasha na kumsimanga tajiri. Kwa tamthilia ile ni sawa, imejengwa hivyo. Lakini ukiuchukua mruko ule ukauweka kwenye maneno ya Everyman, mwigizaji anasema "siwezi kujinyanyua" huku amesimama. Watazamaji wanaamini macho kuliko masikio, na mstari muhimu kuliko yote unapita bure.

Namna inayofanya kazi ni hii. Mweke Mali sakafuni tangu mwanzo wa mchezo, upande mmoja wa mbele, amefunikwa kwa magunia sita hadi nane. Magunia yajazwe pumba au makapi, si mchanga. Mchanga ukimkalia mwigizaji kifuani kwa dakika 25 pumzi inakatika, na hapo mistari ya ushairi haitoki. Acha uso, bega moja na mkono mmoja tu vionekane pale anapoanza kusema. Kabla ya hapo watazamaji wawe wanaona mzigo tu. Kamba zipite juu ya magunia, si juu ya mwili.

Upande wa pili wa jukwaa, sakafuni vilevile, mlaze Amali. Matini yanadai hivyo: Mja mwenyewe anasema ni dhaifu hata hawezi kutembea wala kusema, na yeye anajibu kwamba amelala ardhini, baridi, amefungwa na dhambi za Mja. Kwa hiyo una viumbe wawili waliolala, wote hawawezi kusimama. Mmoja ameshindwa kwa kushiba, mwingine kwa njaa. Mja anatembea kutoka kwa huyu hadi kwa yule, hatua kumi hivi, na katika hatua hizo hakuna haja ya muziki.

Kosa la pili ni sauti. Mali hana hasira. Majibu yake ni ya karani anayejua kanuni. Mja anamkumbusha kwamba watu husema fedha hunyoosha kila kilichopinda, Mali anamwambia wimbo wake yeye ni mwingine. Ukiitoa kwa kelele, inakuwa ugomvi wa mlevi na mwenye baa.

---

#3 Mizani16

Nakubaliana na Amali kwa asilimia mia. Sasa tuje kwenye tungo.

Everyman haina mizani (hesabu ya silabi kwa kila mstari) iliyonyooka. Mistari mingi inakwenda kwa vina vya jozi, lakini urefu unapanda na kushuka, na mara vina vinapishana. Kuna wanaouita udhaifu wa mtunzi. Mimi naona unamfaa mtu anayehangaika. Swali ni umbo gani la Kiswahili libebe mzigo huo. Mizani 16 za shairi la kawaida zinampa Mja utulivu asiokuwa nao. Kila mshororo unafika nusu, unapumzika, unamalizia. Utenzi wa mizani 8 una mwendo wa haraka unaofaa mazungumzo, na unaweza kuukata ubeti katikati wasemaji wawili wakagawana mishororo.

Nimejaribu maneno ya kwanza ya Mali:

*Ni pembeni nimelazwa*
*Guniani nimejazwa*
*Na kwa kamba nimekazwa*
*Siwezi kujinyanyua*

Hesabuni, kila mshororo una 8. Vina vitatu vya -zwa vinasaidia kwa sababu vyote ni vitenzi vya kutendwa: Mali hajafanya lolote, amefanyiwa. Bahari, yaani kina cha kumalizia ubeti, inakuja kuachiliwa kwenye mshororo wa nne, na mshororo huo ndio unaosema hawezi kuachiliwa.

---

#4 Chomboz

Niko hapa najifunza. Swali: pale mwanzo Mja anamwahidi Mauti pauni elfu moja amwache. Ilikuwa pesa nyingi kiasi gani wakati huo? Kwetu leo pauni 1,000 haishtui sana, na nahisi onyesho linapoteza nguvu kwa sababu hiyo.

---

#5 Mhasibu wa Kale

Swali zuri Chomboz, na lina jibu la namba.

Mwishoni mwa karne ya 15, fundi mwashi au seremala kusini mwa Uingereza alilipwa peni 6 kwa siku. Kibarua peni 4. Pauni moja ilikuwa peni 240. Kwa hiyo pauni 1,000 ni peni 240,000, yaani ujira wa fundi wa siku 40,000. Akifanya kazi siku 250 kwa mwaka, ni miaka 160.

Sasa pima uzito. Sarafu kubwa ya fedha iliyozunguka mikononi ilikuwa ya peni 4, na tangu 1464 ilikuwa na gramu 3.1 hivi. Pauni 1,000 ni sarafu hizo 60,000. Zidisha: takriban kilo 187 za fedha. Kwa dhahabu ni nyepesi: sarafu ya malaika mkuu Mikaeli iliyohesabiwa shilingi 6 na peni 8 (yaani peni 80) ilikuwa na gramu 5.2 hivi, tatu zake zikafanya pauni, kwa hiyo sarafu 3,000, kilo 15 na nusu. Kwa dhahabu unaweza kuzibeba begani. Kwa fedha unahitaji punda wawili.

Ndiyo maana maneno ya Mali kuhusu kulala na kufungwa hayakuwa tamathali tupu kwa mtazamaji wa wakati ule. Utajiri ulikuwa na uzito, ulikuwa na kona yake ndani ya nyumba, na ulikuwa na kufuli. Leo tajiri anabeba kila kitu kwenye simu, kwa hiyo mwongozaji lazima aurudishe uzito ule kwa macho. Magunia ya pazia_jekundu yanafanya kazi hiyo.

Lingine: fuateni biashara ya Mja na Mauti inavyoshuka. Kwanza anatoa pauni elfu ili jambo liahirishwe hadi siku nyingine. Mauti anamwambia hajali dhahabu wala fedha, wala papa, wala mfalme. Angekuwa anapokea zawadi angekuwa na dunia nzima. Kisha Mja anaomba miaka 12 asafishe daftari. Anakataliwa. Mwisho anaomba hadi kesho tu, na safari hii hatoi hata peni. Ameshajua pesa haisikiki upande ule. Mwigizaji asiyeuona mteremko huo husema maombi yote matatu kwa kilio kilekile.

---

#6 Bint Shairi

Nimeusoma uzi wote. Nina marekebisho matatu, na mawili ni ya sarufi, lakini sarufi hapa ndiyo maana yenyewe.

Kwanza, upatanisho. Mali akishakuwa mtu, anachukua a-: "Mali amelala", "Mali anakataa". Tukizoea "mali yangu imelala" tunamrudisha kuwa kitu, na tashihisi inakufa. Lakini nashauri Mja mwenyewe aanze na i-, "mali yangu iko wapi?", kama mtu anayeulizia vitu vyake. Mali ajibu kwa ni- na a-. Pale Mja anapobadilisha na kusema "mbona wewe hukuniambia?", tumesikia mtu akigundua kwamba alichodhani ni kitu chake kilikuwa na nafsi na mipango yake. Kiingereza hakina njia hiyo. Sisi tunayo bure.

Pili, neno la mkopo. Kuna mahali Mali anamuuliza: ulidhani mimi ni wako? Mja anasema ndivyo nilivyodhani. Mali anamwambia hapana, ulipewa kwa muda tu. Nimeona watu wakiandika "nilikuwa mkopo". Si sahihi. Mkopo unalipa kwa thamani. Umekopa elfu kumi, unarudisha elfu kumi nyingine. Wengine wanaandika "amana", nayo haifai, maana amana unaitunza huitumii, na Mja ameitumia. Neno ni azima. Kilichoazimwa unakitumia, lakini unarudisha kilekile, na mwenyewe akikidai huna la kusema. "Niliazimwa kwa muda" ni mizani 8 kamili, Mizani16 chukua.

Tatu, huo ubeti wako ni mzuri ila umeliacha kasha. Matini yanataja makasha yaliyofungwa. Kamba ni ya mzigo wa safari, na Mali hasafiri. Badilisha mshororo wa tatu: *Kwa kufuli nimekazwa*. Mizani 8 vilevile.

Kuhusu Amali, nina tahadhari moja tu. Zanzibar neno hilo linasikika sana kwa maana ya ufundi wa mikono, mafunzo ya amali. Si kikwazo, ila mstari wa kwanza anaotajwa uwe na "njema" karibu yake, baada ya hapo liachwe peke yake. Na ni mwanamke; matini ya Kiingereza yanamtaja kwa kiwakilishi cha kike. Kiswahili hakionyeshi jinsia kwenye a-, kwa hiyo maleba na sauti vibebe hilo.

---

#7 Mizani16

Bint Shairi, "kwa kufuli" nimeipokea kwa mikono miwili. Na azima inashinda, sina ubishi.

---

#8 KashaLaMvule

Nami nimeipokea azima. Ila Mja nitamtetea kabla hajashambuliwa, maana PM zimeshaanza. "Kila Mtu" ni tafsiri ya neno kwa neno na inachosha kuita jukwaani mara thelathini. "Binadamu" nawaachia wa tamthilia nyingine, ile ya ngome, The Castle of Perseverance. "Mja" lina silabi mbili, halina cheo, na lina utumwa wa kwa Mungu ndani yake.

Na nirekebishe dhana moja inayorudi kila mara: kwamba tamthilia inasema mali ni haramu. Mali mwenyewe anakanusha. Anamwambia Mja kwamba kama angempenda kwa kiasi na kuwapa maskini sehemu, asingekuwa katika majonzi haya. Baadaye, akishaungama, Mja anaandika wosia: nusu ya mali anaitoa sadaka kwa mikono yake miwili, nusu nyingine anaiacha irudishwe inakostahili. Wengi huiruka hiyo nusu ya pili. Kuna mali humo isiyokuwa yake hata kwa azima. Mtoto wa shule akiulizwa "ujumbe wa tamthilia kuhusu utajiri ni upi", jibu liguse wosia huo, lisiishie kwenye kukataliwa na Mali.

---

#9 Dungu la Mashariki

Samahanini, uzi ni mtamu lakini mnaizunguka tamthilia moja. Ile iliyoujengea utajiri nyumba yake kabisa ni The Castle of Perseverance, ya mwanzoni mwa karne ya 15. Ina mistari zaidi ya 3,600, na hati yake, ambayo ni moja tu, iko Folger Shakespeare Library, Washington. Ndani ya hati hiyo kuna mchoro wa uwanja, na kwa mtu wa jukwaa mchoro huo una thamani kuliko utangulizi wowote.

Uwanja ni duara, umezungukwa na handaki la maji, au ukishindwa handaki, uzio. Katikati ni ngome. Pembeni kuna madungu matano, yaani majukwaa yaliyoinuliwa: Dunia magharibi, Mwili kusini, Ibilisi kaskazini, Mungu mashariki. La tano ni la Tamaa, kaskazini-mashariki, katikati ya Ibilisi na Mungu. Dhambi nyingine sita zinaishi kwa mabwana zao. Tamaa peke yake ana dungu lake. Hapo mtunzi ameshasema anaiogopa dhambi gani kuliko zote, kabla ya neno la kwanza.

Chini ya ngome pana kitanda cha Binadamu. Na maandishi ya mchoro yanaagiza kabati la Tamaa likae mwisho wa ngome, miguuni pa kitanda hicho. Fikirini kuhusu hilo. Anayelala chali akifumbua macho, kitu cha kwanza kukiona ni kabati. Binadamu atazaliwa kwenye kitanda hicho na atafia hapo.

Vita vinapopiganwa, Fadhila zinawarushia Dhambi maua ya waridi na kuzishinda. Tamaa hapigani. Anasubiri. Binadamu anazeeka, mgongo unapinda, anaanza kusikia baridi, ndipo Tamaa anamwita kwa upole: shuka, mzee anahitaji akiba. Binadamu anatoka ngomeni kwa miguu yake. Anapewa maki 1,000, anazificha, na kila akipata anataka zaidi.

Halafu Mauti anampiga. Binadamu anaiomba Dunia msaada. Dunia inamtuma kijana aje kuchukua kila kitu. Binadamu anamuuliza, wewe nani? Kijana anasema jina lake ni Simjui-Nani. Mrithi si mtoto, si ndugu, hata jina hana.

Kwa wanaotaka kuicheza: usikate maonyesho ya Tamaa ili kuokoa muda, kata hotuba za Dunia na Mwili za mwanzo. Na kabati liwe kubwa, mita moja na nusu kwenda juu si haba, na lisifunguliwe hadi Simjui-Nani aje. Ukilifungua mapema watazamaji wataona vikombe vya rangi ya dhahabu, watazoea.

---

#10 Mhasibu wa Kale

Nyongeza ya hesabu kwa Dungu. Maki haikuwa sarafu. Ilikuwa kipimo cha vitabuni tu, shilingi 13 na peni 4, theluthi mbili za pauni. Maki 1,000 ni pauni 666, shilingi 13 na peni 4. Binadamu anakufa akiwa ameshikilia kiasi ambacho hakuna sarafu yake duniani.

Na kwa kuwa tuko kwenye vitabu vya hesabu: The Pride of Life, kati ya tamthilia kongwe za aina hii kwa Kiingereza, ilinakiliwa kwenye nafasi tupu za gombo la hesabu za watawa wa Holy Trinity, Dublin. Hesabu zenyewe ni za miaka ya 1337 hadi 1346. Mfalme wa Uhai anajigamba kwamba Mauti hamwezi, na pembeni yake kwenye ngozi ileile kuna mapato na matumizi. Mistari 502 ndiyo iliyopona. Gombo lenyewe liliteketea mwaka 1922 hifadhi ya nyaraka ya Dublin ilipolipuka na kuungua.

---

#11 Chomboz

Dungu na Mhasibu, asanteni. Je, enzi za Shakespeare mambo yalibadilika? Nimesoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere (1969), na sikuona mtu anaitwa Mali.

---

#12 KashaLaMvule

Yalibadilika. Mali aliacha kuwa mtu akawa chombo mkononi mwa mtu, na tungo zikahamia kwenye mistari ya mizani kumi isiyo na vina. Lakini urithi unaonekana. Katika hiyo uliyoisoma kuna makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Anayechagua dhahabu anakuta nini ndani? Fuvu. Mauti wa Everyman amejificha ndani ya kasha la Mali.

Volpone ya Ben Jonson, iliyochezwa 1606 hivi, inaanza kwa tajiri kuamka na kuisalimu siku, kisha dhahabu yake. Anaagiza pazia lifunuliwe aone mtakatifu wake. Mwigizaji asome mistari ile kama sala kweli, kwa unyenyekevu. Akiichekesha, kufuru inapotea na hukumu ya mwisho inaonekana kali mno: mali yote inapelekwa hospitali ya wagonjwa wasiopona, na yeye, aliyejifanya mgonjwa ili apewe zawadi, anafungwa minyororo hadi augue kweli.

Timon of Athens, ambayo Shakespeare aliiandika pamoja na Thomas Middleton, inafaa kusomwa karibu na Everyman kwa sababu tajiri anakataliwa na marafiki watatu mmoja baada ya mwingine. Akiwa porini anachimba mizizi ale, jembe linagonga dhahabu. Alikuwa na njaa. Waongozaji wanamfanya ashtuke kwa furaha, ilhali maneno yake ya mwanzo ni kuiambia miungu kwamba aliomba mizizi. Aweke dhahabu kando kwanza, aendelee kutafuta cha kula. Na msihangaike na hesabu za talanta humo. 50 mahali pengine, 5 kwingine, na mtu mmoja anasema "fifty five hundred", hamsini na mia tano kwa mkupuo, hadi wahariri wanabishana. Talanta ya Athens ilikuwa kilo 26 hivi za fedha, kwa hiyo 50 ni zaidi ya tani moja. Iliyobaki kwetu ni matini ambayo hayakupigwa msasa wa mwisho.

---

#13 pazia_jekundu

Turudi kwenye Everyman, maana kuna tatizo la vitendo halijatajwa: Mali anatokaje?

Amesema hawezi kujinyanyua. Maneno yake ya mwisho ni kuaga. Maelekezo mengi ya kuingia na kutoka mnayoyaona kwenye matoleo ya kisasa yameongezwa na wahariri. Kwa hiyo asitoke. Mja ndiye amgeuzie mgongo aende. Mali abaki palepale, mkono nje ya gunia, hadi taa zimwache.

Lakini kikundi kidogo kinamhitaji mwigizaji huyo tena, na hapa tamthilia imepangwa kwa ustadi mkubwa. Wanaokataa mwanzoni ni wanne: Rafiki, Ndugu, Binamu, Mali. Wanaomkimbia kaburini ni wanne: Uzuri, Nguvu, Busara, Hisi Tano. Waigizaji walewale. Mtazamaji anaziona sura zilezile zikiondoka mara ya pili. Ongeza Mja, Amali, Maarifa, Mungu na Mauti, ni watu 9. Mungu anarudi kama Ungamo na kama Malaika. Mauti anafungua kama Mjumbe, ana mistari 40 hivi ya Mungu ya kubadilishia nguo, na anafunga kama Mwalimu wa mwisho.

Aliyecheza Mali ndiye awe Hisi Tano. Ana mistari 200 ya kujichomoa. Rundo lisogezwe karibu na pazia la nyuma, gunia la chini liwe na tundu nyuma, mwigizaji apite humo taa zikiwa kwa Amali. Magunia yabaki. Mwisho wa mchezo, Mja akiingia kaburini, rundo la magunia liwe bado lipo jukwaani, kamili.

---

#14 Bint Shairi

Mkono ule nje ya gunia upakeni wino.

Nasema hivyo kwa sababu ya mstari ambao hakuna aliyeutaja. Mali anamwambia Mja kwamba kwa vile moyo wake ulikuwa kwake, yeye ndiye aliyelitia daftari lake madoa hata halisomeki. Baadaye Amali anamwonyesha vitabu vyake, Mja anasema haoni hata herufi moja. Bila wino wa mkononi mtazamaji anadhani kurasa ni tupu. Si tupu. Zimefutwa kwa kiganja. Daftari liwe na maandishi halisi, safu mbili, kisha Mja akimsihi Mali amwekee daftari kifuani, na Mali, katika kumsukuma, apitishe kiganja juu ya ukurasa uliofunguka. Tumieni masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Wino wa kawaida unakauka kabla ya onyesho.

Malaika atakaposema mwishoni kwamba hesabu yake iko safi kama kioo, daftari liwe jingine lenye jalada lilelile.

---

#15 Mizani16

La mwisho kutoka kwangu, ni matamshi. Majina yetu mawili yana mtego.

Mkazo wa Mali uko kwenye MA. Mkazo wa Amali nao uko kwenye MA. Ile A ya mbele haina mkazo, na maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo "ewe Amali" kwa mtu wa safu ya kumi inasikika "ewe Mali". "Na Amali" ndiyo mbaya kuliko zote, A mbili zinamezana. Kwa hiyo Amali asitanguliwe na neno ndani ya mshororo; awe wa kwanza kwenye mshororo, baada ya pumzi. *Amali, u wapi wewe*, mizani 8.

Isipokuwa mara moja. Mja akitoka kwa Mali, hatua kumi zile za pazia_jekundu, wito wake wa kwanza uwe *Ewe Amali, itikia*, mizani 9 ambazo A ikimezwa zinabaki 8. Watazamaji wadhani anamrudia Mali. Hata Mali anaweza kugeuza uso kidogo chini ya gunia. Kimya, kama hesabu tatu. Halafu sauti dhaifu ijibu kutoka upande wa pili, sakafuni, na Mja alitamke jina upya, A yake ikisikika peke yake.